Mshairi aliyejilipia studio: uchambuzi wa kisa kimoja cha Chicago

Kisa chenyewe na sababu ya kukichambua

Kijana akianza kuchana mashairi yake juu ya biti, swali la kwanza analoulizwa nyumbani na mtaani ni lile lile: lini utasaini? Utadhani msanii asiye na lebo, yaani kampuni ya kurekodi na kuuza muziki, ni mtu asiye na anwani. Kisa hiki kinamhusu mwanamke wa Chicago, Marekani, aliyetoka kwenye majukwaa ya ushairi akatoa albamu tatu bila kusaini popote.

Jina lake, majina ya nyimbo zake na ya watu wake wa karibu nimeyaondoa. Ni mtu wa hadharani, na atakayemtambua amtambue. Ila nimeona mara nyingi kwamba jina likishatajwa, mjadala unageuka ugomvi wa wanaompenda na wasiompenda, na mambo ya ufundi na pesa yanazama. Nitamwita Mshairi.

Wanaomsifu husema alifaulu kwa sababu ya msimamo. Msimamo anao, sikatai. Lakini nikifuatilia hatua moja baada ya nyingine, naona kitu cha kawaida zaidi kilichombeba: viingilio vya shoo. Aliweza kuuza tiketi kwa sababu ushairi ulikuwa umemfundisha kushika ukumbi kwa sauti tupu. Na matatizo makubwa yaliyompata baadaye yalipita mlango huo huo.

Usuli: mtaa, duka la vitabu na dakika tatu

Alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, akalelewa na babu na bibi yake mpaka alipokaribia ujana, ndipo akaenda kuishi na mama. Mama alikuwa na duka la vitabu Bronzeville, mtaa wa watu weusi upande wa kusini wa jiji. Mtaa huo una historia yake. Ndio aliouandikia Gwendolyn Brooks, ambaye mwaka 1950 alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kupata tuzo ya Pulitzer. Kwa hiyo mtoto wa Bronzeville anayejiita mshairi haonekani kituko.

Chicago pia ndiko ulikozaliwa ushairi wa mashindano unaoitwa slam. Fundi ujenzi mmoja, Marc Smith, alichoshwa na usomaji wa mashairi uliokuwa ukiwalaza watu, na mwaka 1986 akaanzisha jioni za slam katika klabu ya jazi ya Green Mill. Kanuni zake zinahitaji kuelezwa, maana ndizo zilizomlea mhusika wetu. Mshindani anasoma shairi lake mwenyewe, bila ala wala mavazi ya maigizo, kwa dakika tatu. Akizidisha anakatwa alama. Majaji ni watu watano waliookotwa miongoni mwa wasikilizaji, na pengine hakuna hata mmoja aliyewahi kuandika ubeti. Kila mmoja anainua kadi yenye alama kati ya 0 na 10. Alama ya juu kabisa na ya chini kabisa zinatupwa, tatu zilizobaki zinajumlishwa.

Sisi tuliokulia kwenye tarbia, mashairi ya mishororo minne kila ubeti, tunaweza kuudharau ushairi wa namna hii. Hauna mizani 16, yaani silabi 16 kila mshororo, hauna ukwapi wala utao, nusu mbili za mshororo, na kina kikija kimekuja. Lakini una kanuni moja ngumu kuliko tunavyodhani, nayo ni pumzi. Mshororo ukiwa mrefu kuliko pumzi ya msomaji, unafia mdomoni mbele ya watu, na majaji watano wanauona ukifa. Shairi la gazetini msomaji anaweza kulirudia. La slam linapita mara moja tu, na likipita limepita.

Mwaka 2009, Harold Washington Library, maktaba kuu ya jiji iliyoko State Street, ilifungua sehemu ya vijana wa sekondari inayoitwa YOUmedia kwa msaada wa wakfu wa MacArthur. Kulikuwa na kompyuta, kamera, studio ndogo ya kurekodi na, kilicho muhimu kwetu, jioni za kipaza sauti cha wazi. Unaandika jina kwenye karatasi, unasubiri zamu, unapanda. Aliyezisimamia alikuwa mwalimu na mshairi ambaye vijana walimwita kaka. Nitamwita Mlezi. Mshairi alikuwa mmoja wa vijana hao, na kati ya wenzake walitoka wanamuziki kadhaa wanaojulikana leo duniani. Alishindana pia katika Louder Than a Bomb, tamasha la ushairi wa vijana lililoanzishwa mwaka 2001. Mwaka mmoja alishika nafasi ya tatu.

Yote hayo yalikuwa bure. Hakuna mzazi aliyelipa ada ya muziki. Jiji lililipa umeme, wakfu ukalipa vifaa, na Mlezi akalipwa ili awepo tu, kila wiki, asikose.

Yaliyotokea, kwa mfuatano

Mwaka 2012 lebo kubwa zilimiminika Chicago kusaka vijana wa drill, muziki mzito wa mitaani uliokuwa umeshika kasi mtandaoni. Kijana mwenye sauti nzito na video yenye bastola alisaini haraka. Msichana aliyechana kama anayesimulia hadithi jikoni hakuwa bidhaa waliyoijia.

Mwaka 2013 rafiki yake wa pale maktabani, naye akiwa hana lebo, alitoa albamu ya bure iliyopata wasikilizaji wengi kuliko ilivyotarajiwa, na ndani yake kulikuwa na ubeti mmoja wa Mshairi. Ghafla watu wakawa wanauliza: huyu dada ni nani, na albamu yake iko wapi? Albamu haikuwepo. Ilichukua miaka mitatu.

Katikati ya miaka hiyo, Desemba 2014, Mlezi akafariki.

Julai 2016 Mshairi akatoa nyimbo kumi, zote pamoja kama dakika 33, na yeyote aliweza kuzipakua bure. Mwaka huo Chicago iliua watu zaidi ya 750, na nyimbo zile zimejaa mazishi. Wimbo mmoja nimeurudia sana. Biti yake ni laini, karibu ya kubembeleza mtoto, na anachoomba msemaji ni kwamba simu yake isilie. Basi. Haelezi ni nani atakayepiga wala atasema nini. Msikilizaji wa Chicago hahitaji kuelezwa, na wa Buguruni au Kayole pia anajua simu ya usiku huja na nini. Mwandishi mwingine angeweka risasi, ving'ora na damu. Yeye kaweka simu iliyo kimya na mtu anayeitazama.

Mwaka huo huo alifupisha jina lake la jukwaani. Lilikuwa na neno moja ambalo, alipoambiwa, alitambua kuwa ni tusi kwa Waroma, jamii iliyobaguliwa Ulaya kwa karne nyingi. Akaliondoa, akaeleza kwa nini, akaendelea na kazi.

Zikafuata ziara za shoo. Akahamia Los Angeles. Septemba 2018 ikatoka albamu ya pili, iliyorekodiwa na wapigaji wa ala halisi, nyuzi zikiwemo, na iliyolipiwa kwa pesa za mfukoni mwake, zilizotokana zaidi na ziara hizo. Mwaka 2019 alianzisha klabu ya vitabu: vitabu viwili kila mwezi vya waandishi wasio weupe, vikundi vya kusoma katika miji mbalimbali, na nakala zinazopelekwa kwa wafungwa magerezani. Novemba mwaka huo aliandika mtandaoni kwamba amechoka kuimba mbele ya kumbi zilizojaa wazungu, na kwamba huenda akaacha muziki.

Mei 2020 George Floyd, Mmarekani mweusi, aliuawa na polisi Minneapolis, na mitaa ikajaa waandamanaji. Mshairi aliandika kwamba wachanaji wanaouza sana wako kimya. Katikati ya Juni mmoja wao, mwanamume mwenye jina kubwa, akatoa wimbo ulioonekana wazi kumlenga yeye na kumshauri abadilishe namna anavyosema na watu. Siku mbili baadaye Mshairi akajibu kwa wimbo wa dakika moja na sekunde kumi. Siku chache tena, akaandika kwamba anajutia kujibu, kwamba alikuwa ameiachia nafsi yake imtawale, na kwamba sehemu yake ya mapato ya wimbo ule itakwenda kwenye mifuko ya kusaidiana.

Mwaka 2021 klabu yake ilifungua maktaba Los Angeles. Agosti 2023, baada ya miaka mitano bila albamu, ikatoka ya tatu. Ubeti mmoja wa mgeni aliyealikwa ndani yake ulilaumiwa kuwa na chuki dhidi ya Wayahudi. Mshairi hakuuondoa, na alisema hataomba radhi.

Maamuzi, na hesabu iliyokuwa nyuma yake

Kuchelewa miaka mitatu kulionekana uzembe. Kila mshauri wa muziki angesema piga chuma kikiwa moto. Lakini ukisikiliza kazi yenyewe unaelewa. Ubeti mmoja kwenye wimbo wa mtu mwingine ni kama shairi moja la slam, na aliujua ufundi huo tayari. Nyimbo kumi zinazokaa pamoja ni kazi nyingine, na hiyo maktaba haikumfundisha. Alikuwa akijifunza hadharani, huku watu wakihesabu miezi.

Uamuzi wa kutoa bure ulitoka kwa wenzake. Rafiki wa 2013 alikuwa amekwisha onyesha kwamba wimbo wa bure ni kipeperushi cha shoo.

Uamuzi wa kujilipia albamu ya pili ndio wenye funzo, na hapa tupige hesabu. Tarakimu ni za mfano, si za mkataba wake. Tuseme lebo inakupa dola 100,000 za awali. Vijana wengi husikia hapo tu. Pesa hiyo ni deni, na mara nyingi gharama za studio zinaingizwa humo humo. Tena deni halilipwi kwa mapato yote ya nyimbo, linalipwa kwa fungu lako peke yake. Mrabaha wako ukiwa asilimia 15, nyimbo lazima ziingize karibu dola 667,000 ndipo deni liishe na wewe uanze kupokea senti ya kwanza. Wakati huo lebo imeshachukua karibu dola 567,000 kama fungu lake. Na masta, yaani rekodi zenyewe, kwa kawaida ni zake hata baada ya deni kuisha.

Sasa mgeuze mtu huyo huyo awe na ukumbi. Anayeshika watu kwa sauti tu anaweza kwenda barabarani na bendi ndogo. Hahitaji wacheza shoo, fataki wala jukwaa la magari matatu. Gharama zikiwa ndogo, kinachobaki baada ya kila tiketi ni kikubwa zaidi. Pesa hiyo haidaiwi na mtu, na ndiyo Mshairi aliyoipeleka studio. Alichagua hata kutumia zaidi, maana wapiga fidla wanalipwa kwa saa na biti ya kununua ni rahisi mno ukilinganisha. Rekodi zikabaki zake.

Lebo isingekosa vya kumpa: redio, mabango, watu wa kumpigania kwenye tuzo. Hivyo alivikosa, na ni haki kusema kwamba wasanii wa kiwango chake waliosaini walisikika mbali zaidi.

Kilichofaa

Cha kwanza ni sauti. Mshairi hachani kwa kupaza. Anaongea, karibu kama anayejisemea, vina vikiwa ndani ya mshororo badala ya mwishoni tu, na mara nyingi anamalizia wazo kabla ya biti kumalizia duru yake. Ni tabia ya mtu aliyezoea kusoma bila biti yoyote. Biti kwake ni chumba anachozungumzia. Ndiyo maana ukumbi unanyamaza. Anayepiga kelele husikilizwa bila juhudi; anayeongea chini huwalazimu watu wasogee.

Kingine ni ufupi. Dakika 33, kisha kama 34 kwenye albamu ya pili. Wakati ule wenzake walikuwa wakijaza nyimbo 20 na zaidi, kwa kuwa kila wimbo unaosikilizwa mtandaoni unahesabiwa peke yake na albamu ndefu inapandisha hesabu. Yeye alibaki na saa ya slam kichwani. Hili lilimgharimu pesa, lakini sijasikia mtu aliyelalamika kwamba albamu zile zina wimbo wa kujazia.

Hata jibu lake la 2020 naliweka upande huu, ingawa mwenyewe alilijutia. Kujibizana kwa mashairi si jambo geni kwetu. Mombasa ya Muyaka, malenga wa karne ya 19, iliishi kwa majibizano, na kurasa za mashairi za magazeti yetu zimelishwa nayo miaka na miaka. Mshairi aliyechokozwa anatarajiwa kuvunja hoja, tena kwa vina. Mshairi wetu alikuwa na sekunde 70, na sehemu kubwa hakuitumia kwa aliyemchokoza. Aliitumia kwa watu waliokuwa wakiuawa wiki zile, kisha akauliza, kwa maneno mengine, iweje mwanamume yule katika siku kama hizo apate nafasi ya kuandika juu ya sauti ya mwanamke. Jibu halikumtukana. Liliwaonyesha watu saa. Nadhani alikosea kulijutia, ila naelewa: siku tatu zilizofuata mtandao haukuzungumza juu ya waliouawa, ulizungumza juu ya nani kamshinda nani.

Kilichokwama

Mtu aliyejiondoa kwenye mkono wa lebo amejiweka kwenye mkono wa mnunuzi wa tiketi. Hapo ndipo lalamiko la Novemba 2019 linapoeleweka. Wengi walilisikia kama dharau kwa mashabiki. Lirudishe kwenye hesabu. Mwanamke anaimba juu ya mazishi ya watoto wa mtaani kwake, na anayelipa kiingilio, usiku baada ya usiku, mji baada ya mji, ni mtu ambaye simu ile ya usiku haijawahi kumfikia. Tiketi ziliuzwa, ila walionunua walikuwa watu wengine. Na kwa kuwa shoo ndiyo ilikuwa ikilipia kila kitu, asingeweza kuzikataa kumbi hizo bila kukata tawi alilokalia.

Kuna lawama kidogo hapa pia. Aliwaambia mashabiki weusi kwamba hawatoki kuja kumwona. Sijaona alipojiuliza kwa nguvu ile ile kama shoo zilipangwa katika kumbi zilizo karibu nao, na kwa bei gani. Maktaba ya State Street ilijaza vijana weusi kila wiki kwa sababu ilikuwa bure na treni nyingi zinapita karibu.

Kisha Machi 2020 kumbi zikafungwa dunia nzima kwa sababu ya Covid. Aliyekuwa akijiuliza kama atapanda tena jukwaani akajikuta hana jukwaa. Kilichomsitiri wakati huo, kwa kadiri ninavyoona, ni kwamba klabu ya vitabu ilikuwa na wanachama wanaochangia kila mwezi mtandaoni, pesa isiyohitaji ukumbi. Aliianzisha kwa ajili ya usomaji, ila kimuundo ndiyo njia ya kwanza aliyokuwa nayo ya kukutana na watu wake bila promota. Tena watu wenyewe ndio hao aliowakosa kwenye shoo. Angekuwa nayo tangu 2016, pengine lile lalamiko la 2019 lisingeandikwa.

La ubeti wa mgeni naliona ni kosa, na sababu yake inafanana na sababu ya mafanikio yake. Ndani ya lebo, wimbo kama ule ungepita mezani kwa wanasheria na mtu mmoja angesema huu hautoki. Mara nyingi mtu huyo ndiye anayeharibu kazi nzuri, na wasanii wana haki ya kumkimbia. Lakini akiondoka, hakuna aliyebaki wa kusema hapana. Pale kwenye slam walikuwepo majaji watano na kadi zao. Maktabani alikuwepo Mlezi. Kufikia 2023 Mshairi alikuwa na rekodi zake, pesa yake, maktaba yake, na hakuna dalili kwamba kulikuwa na mtu wa kumwambia ngoja kidogo. Mwaka 2016 mtu alimweleza juu ya neno lile la jina lake, naye akalibadilisha. Safari hii alielezwa na watu wengi zaidi, kwa kelele, kwenye mtandao, na kelele zilimfanya akaze.

Albamu hiyo hiyo ina wimbo mwingine unaostahili kuwekwa kando ya ubeti ule. Ndani yake anawataja, kwa majina, mastaa weusi wakubwa waliokubali kutumbuiza kwenye NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, akiihusisha ligi hiyo na jeshi na vita. Majina matatu, moja baada ya jingine, na kila jina linapigiwa makofi ya kejeli. Msikilizaji anadhani orodha imeisha. Linaongezwa la nne, na ni lake: naye alikuwa amesema hatapanda jukwaa la tamasha moja kubwa la California, kisha akapanda. Anajipigia makofi yale yale, kwa sauti ile ile ya chini.